Karibu Iliyotujengea Darasa la Tano

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na babu yako akinisikia hapa atanuna. Ni siku ambayo Mwalimu Hiza alifungua barua mbele yetu sisi wa darasa la nne, akaisoma kimya, akairudia tena, kisha akakaa kwenye ukingo wa meza na kusema kwa sauti ndogo, "Watoto, wageni wanakuja."

Sogea hapa karibu na moto nikueleze vizuri. Baridi ya milima hii haijui huyu mzee wala huyu kijana.

Miaka ile ilikuwa ya Ujamaa. Kila jambo tulilifanya kwa pamoja, au tuseme tuliimba kwamba tunalifanya kwa pamoja. Kijiji chetu kilikaa juu ya mji mdogo wa Mlola, mahali ambapo njia inapanda mpaka unaona migongo ya milima imepangana kama ng'ombe waliolala. Shule yetu iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea alilazimika kushuka Mlola kila alfajiri na kupanda kila jioni, kwa njia ya utelezi inayokata mto. Wavulana wachache walikwenda. Wasichana, mwanangu, tuliishia la nne, tukapewa jembe na ndoo, mambo yakawa yamekwisha. Dada zangu wawili waliishia hivyo. Mimi Rahel nilikuwa wa tatu, na mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja.

Si kwamba wazee walikuwa wamelala. Serikali ilisema, jengeni darasa la tano wenyewe, sisi tutaleta mabati. Na mabati yakaletwa kweli, yakalazwa nyumbani kwa Mwalimu Hiza chini ya magunia. Watu wa mtaa wa Bondeni wakatoa kiwanja na kuchoma tofali. Sisi wa mtaa wa Juu, tunaopakana na msitu, tukaahidi mbao. Kuta zikaanza, zikafika usawa wa bega la mtoto. Hapo ndipo ugomvi ulipoingia.

Mkuu wa waashi alikuwa Mzee Athumani wa Bondeni. Mkuu wa wapasua mbao alikuwa baba yangu. Mzee Athumani alisema, "Siongezi tofali hata moja mpaka nione mbao, maana watu wa Juu wana maneno mengi." Baba naye akasema, "Sishushi ubao hata mmoja mpaka nione kuta, maana mbao zangu zitaozea kwenye kiwanja cha watu." Kuta kwanza, mbao kwanza. Mbao kwanza, kuta kwanza. Wakaacha kusalimiana. Wake zao wakaacha kuazimana chumvi. Majani yakaota ndani ya darasa, na mbuzi wakawa ndio wanafunzi wa kwanza wa darasa la tano. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na nyasi tulikuwa sisi watoto, ingawa hakuna aliyetuuliza.

Afisa elimu alipita akaona, akasema neno moja tu: mvua za vuli zikikuta jengo halijaezekwa, mabati yatapelekwa kijiji kingine.

Sasa tuje kwenye barua. Mwalimu Hiza alikuwa na dada yake aliyefundisha kwenye shule moja ya sekondari ya wasichana, mbali huko upande wa Lushoto. Wakapatana kwamba sisi wadogo tuwaandikie wale wakubwa, ili tuzoee kuandika, na wao wazoee kuwalea wadogo zao. Kila mmoja wetu alipewa jina lake. Mimi nilipewa Tunu, msichana wa kidato cha pili kutoka pwani ya kusini, kule Lindi. Nililitamka jina lile njia nzima nikirudi nyumbani. Nilikuwa sijawahi kumjua mtu yeyote anayetoka mahali ambapo hakuna milima.

Barua ya kwanza Mwalimu aliiandika ubaoni nasi tukaiiga. Ilianza kwa salamu nyingi, ikaendelea: "Shule yetu ni nzuri. Tunajenga darasa jipya kwa kujitolea. Karibuni sana mje mtutembelee na kuona maendeleo yetu." Tuliandika wote, maneno yale yale, na ndimi zimetoka nje kwa kukaza mkono. Lakini ukurasa wangu ulibaki na nafasi chini, na mimi tangu utotoni sipendi nafasi ikae bure. Nikaongeza ya kwangu: "Dada Tunu, ukija utalala kwetu na Bibi atakupikia makande."

Basi, mwanangu, barua ile aliyoisoma Mwalimu ndiyo ilikuwa majibu. Wasichana wale walikuwa wamelisoma lile neno letu la karibu wakaliamini. Likizo fupi ya mwezi wa tisa ilikuwa imefika, wanaotoka mbali walikuwa hawaendi makwao, na walipoambiwa kuna watoto wanajenga darasa na wamewaita, wakaomba ruhusa kwa mkuu wao. Wakaruhusiwa. Wangekuja na mwalimu wao, dada yake Mwalimu Hiza, wabebe majembe na mablanketi yao, wakae nasi likizo nzima, watusaidie kujenga. Wangefika Jumamosi. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Darasa zima likageukia nje. Kutoka dirishani tuliona kuta zile fupi, na mbuzi mmoja amesimama juu yake.

Mwalimu Hiza alisema angewaandikia wasije, lakini hata sisi watoto tulijua barua hushuka Mlola kwa miguu na kungoja lori la kabichi. Barua ingepishana na wageni njiani.

Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa msituni, Mama shambani, nikamkuta Bibi jikoni. Huyu ni mama yake baba, Bibi Debora, mwanamke mfupi aliyesema polepole, nusu Kiswahili nusu Kishambaa, na hakuwa na desturi ya kurudia neno. Nikamweleza yote huku nahema. Mwisho nikasema, "Bibi, sisi hatukuwaita kweli. Ilikuwa barua tu."

Aliacha kuchochea moto. Akanitazama mpaka nikatamani angenichapa.

"Barua tu?" akasema. "Rahel, lile neno karibu, nani aliliandika?"

"Mwalimu, Bibi. Aliandika ubaoni."

"Ubao una nyumba?"

"Hauna, Bibi."

"Una jiko? Una kitanda?"

"Hauna."

"Basi ubao haukumkaribisha mtu. Aliyekaribisha ni mwenye nyumba. Mkono ulioandika ulikuwa wa nani?"

Nikasema kwa kilio, "Wangu, Bibi."

"Wako. Na umesema mimi nitapika makande, hata hukuniuliza." Hapo nikaona kama anataka kucheka, lakini akajizuia. "Sikiliza, mjukuu wangu. Karibu si ua la kupambia barua. Ukimwambia mtu karibu, umeshamfungulia mlango. Akija akakuta umeufunga, hatasema Rahel ni mtoto. Atasema watu wa kule wana midomo miwili. Utawatia aibu hata waliokufa."

"Sasa tufanyeje, Bibi?"

"Utafanyaje? Utateka maji. Wageni wanakuja."

Ndivyo alivyokuwa. Wengine wangekaa wakilaumu mwalimu, wakilaumu watoto, wakilaumu waashi. Yeye alifunga kanga yake kiunoni akaanza kuloweka mahindi na maharage. Nami, mwanangu, niliteka maji siku ile mpaka bega likavimba, na kila nilipopita pale chemchemi niliwakuta wenzangu wa darasa la nne nao wanateka. Kumbe kila nyumba ilikuwa na bibi yake.

Baba alipotoka msituni aliambiwa. Akakuna kichwa. "Wageni sawa," akasema. "Lakini darasa hawataliona. Mimi nilishasema, kuta kwanza."

Bibi akaendelea kuosha maharage yake. Alisubiri kesho yake Baba alipokwenda kwenye mbao zake, akaniita. "Nenda Bondeni kwa Mzee Athumani. Mwambie nimeomba aje kesho asubuhi anichinjie beberu wangu."

Nilishtuka. "Bibi, Baba hasemi naye."

"Sikukutuma kwa baba yako. Rafiki yako Tunu ni mtoto wa Kiislamu, na wenzake wamo. Unataka nimpikie nyama asiyoweza kuila, akae anatazama wenzake wanatafuna? Nenda."

Nilishuka Bondeni mbio. Nilimkuta Mzee Athumani barazani, yeye na mkewe wanachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mtu mkubwa, mikono yake kama koleo. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe si binti yake fulani?" Hata jina la Baba hakutaka kulitaja.

"Ndimi, babu. Bibi amenituma." Nikatoa ujumbe wangu wote bila kupumua.

Aligeuza harage moja kwenye vidole. "Baba yako anajua kwamba nimeitwa?"

Ningeweza kusema anajua. Lakini macho ya Bibi yalikuwa bado yananitazama hata huko Bondeni. "Hajui, babu."

Mkewe akatikisa kichwa, akasema, "Usiende, wakakuaibishe kwenye ua wa watu."

Mzee Athumani akarudisha harage kwenye ungo. "Mama yule," akasema, "alimkanda mama yangu mgongo siku niliyozaliwa mimi. Akiniita kuchinja, nachinja. Na wageni hawakuja kwa ugomvi wetu. Mwambie nitakuja."

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ua wetu wote mweupe. Mzee Athumani akatokea na kisu chake kimefungwa kitambaani. Wakati huo huo Baba akatoka ndani. Wakakutana uso kwa uso, katikati yao beberu.

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo, nikaona shingo ya Baba imekaza. Bibi akatoka jikoni akijifuta mikono, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mnyama huyu ana nguvu. Mmoja hamwezi. Mwanangu, mshikie mwenzako miguu."

Mwanangu, mtu mzima anaweza kugombana na kijiji kizima, lakini akiambiwa na mama yake mbele ya mgeni ashike miguu ya mbuzi, atashika. Baba akainama. Mzee Athumani akainama.

"Mgeuze kidogo, aelekee Kibla," akasema Mzee Athumani.

Baba akamgeuza.

"Shika vizuri."

"Nimeshika."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mahindi yalipokuwa machanga. Si maneno ya kuandikwa kitabuni, lakini Bibi aliposikia aligeuka haraka akarudi jikoni, na mimi nilimwona anavyotabasamu.

Wageni walifika mchana. Lori la kabichi lilikuwa limewashusha Mlola, wakapanda kwa miguu huku wanaimba, majembe begani, soksi zimejaa matope. Tulisikia nyimbo kabla ya kuwaona, maana ukungu uliwaficha mpaka walipofika kwenye migomba. Watoto wote wa darasa la nne tulijipanga njiani, na kila mgeni alipopita aliita jina. "Yusufu yuko wapi?" "Nani ni Zainabu?" Na kila aliyeitwa alitoka mstarini kama aliyeitwa kupokea tuzo.

Nilikuwa namngoja mwanamke mkubwa kama mwalimu. Badala yake akasimama mbele yangu msichana mwembamba, amejitanda blanketi kichwani, anatetemeka kwa baridi.

"Wewe ndiye Rahel wa makande?" akauliza.

Nilimshika mkono nikamvuta hadi kwa Bibi. Kiswahili chake kilikuwa laini, kinateleza, na chetu sisi kilikuwa kile cha kujifunza darasani, lakini alipomfikia Bibi alipiga goti akasema, "Onga mshi, Bibi." Alikuwa ameuliza njiani Washambaa husalimianaje mchana. Bibi akamshika mashavu yote mawili, akamwita mjukuu, na mpaka alipoondoka hakumwita tena kwa jina jingine.

Walilala kwenye nyumba zetu, Juu na Bondeni, kila mgeni kwa mtoto aliyemwandikia. Tunu alilala nami kitanda kimoja, akanisimulia kwao, kuhusu minazi na joto, na jinsi mwaka wa kwanza alivyolia kila anapooga maji ya milimani. "Barua yako ilipokuja," akaniambia, "nilikuwa nimeshamwandikia mama kwamba sirudi tena shule hii baada ya likizo ya mwisho wa mwaka. Halafu nikasoma kuna mtu ananingoja kwa makande. Nikaichana ile ya mama." Nilimvutia blanketi mabegani, mwanangu. Nilikuwa nimejaza nafasi tu mwisho wa ukurasa.

Asubuhi ya Jumatatu, baada ya mchakamchaka, wageni wakaenda moja kwa moja kwenye darasa. Watu wa kijiji walikuwa wamekusanyika kuwatazama, wa Juu upande wa juu, wa Bondeni upande wa chini. Wasichana wakazitazama kuta zile fupi na majani yaliyoota ndani. Tunu akainua jembe lake, akauliza kwa sauti safi, bila ubaya wowote, "Tuko tayari. Mafundi wako wapi?"

Lo! Mwalimu Hiza alitazama viatu vyake. Mimi niliomba ardhi ipasuke.

Kisha Baba akakohoa. "Mwashi yupo," akasema, akamwonyesha Mzee Athumani kwa mkono. "Hana mwenzake katika milima hii."

Mzee Athumani akasogea mbele. Watu wote wakamgeukia. "Na mpasua mbao yupo," akasema. "Ni yule pale."

"Mbao ziko wapi, baba?" Tunu akauliza.

"Zipo msituni," Baba akajibu. "Zilipasuliwa zamani. Zimekauka vizuri."

"Na tofali?"

"Zipo," akasema Mzee Athumani. "Zilichomwa zamani. Nimezifunika kwa majani nyuma ya nyumba yangu."

Unaona, mwanangu? Kila kitu kilikuwepo. Mbao zilikuwepo, tofali zilikuwepo, mabati yalikuwepo, mikono ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza bila kuwa na upande. Nilimsikia mama mmoja wa Bondeni anacheka kwa pembeni, akafuatwa na mwingine wa Juu, na kicheko kikapita kwenye kundi lote kama moto kwenye nyasi kavu, mpaka Baba mwenyewe akacheka na kujifunika uso. Mzee Athumani akavua kofia yake, akainingʼiniza kwenye mti, akasema, "Leteni maji. Udongo haujikorogi wenyewe."

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wetu walikuja na majembe yao.

Sijaona kazi kama ile tena maishani. Wanaume walipanga foleni kutoka msituni, ubao unapita bega kwa bega ukishuka mteremko, kila anayeupokea anaita anayefuata. Wanawake walikoroga udongo kwa miguu huku wameinua kanga. Wasichana wa sekondari walibeba tofali na kutufundisha nyimbo za kwao, sisi tukawafundisha za kwetu, na zile wasizojua maneno yake wakaziimba hivyo hivyo kwa kubahatisha. Sisi wadogo tulichota mawe madogo mtoni ya kujazia sakafu. Bibi Debora alikaa kwenye jiko la mawe matatu, karibu na sufuria kubwa kuliko yeye, na hakuna aliyeondoka bila kula. Mkewe Mzee Athumani alikuja na kapu la viazi, akaliweka miguuni pa Bibi, akakaa kumenya naye. Jioni ile nilitumwa kwake kuazima chumvi, nikapewa.

Kuta zikapita bega la mtoto. Zikapita kichwa cha Baba. Mzee Athumani alikuwa akisema, "Ubao huu mzuri," kwa sauti ya kusikika, na Baba alikuwa akisema, "Ukuta huu umenyooka," kwa sauti ya kusikika. Tulijua wanasemeshana.

Wakati wa kuezeka ulipofika, mawingu yalianza kukusanyika kwenye vilele vya upande wa Vuga. Wazee wakayatazama na kuharakisha kazi. Siku mbili za mwisho hakuna aliyekwenda shambani. Baba na Mzee Athumani walikuwa juu ya paa pamoja, mmoja anashika bati, mwingine anapiga misumari, chini yao kijiji kizima kinainua mabati na kuhesabu yaliyobaki kwa macho. Bati la mwisho lilipanda alasiri ya siku ya kuamkia safari ya wageni. Tunu ndiye aliyelinyanyua kutoka chini, na mimi nimeshika pembe ya pili. Likapigwa msumari. Baba akasimama juu kabisa ya paa, akainua nyundo, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, na milima ikairudisha.

Wazee wale wawili walikuwa hawajashuka bado tone la kwanza lilipoanguka.

Mwanangu, tulikimbia. Tulikimbia wote tukaingia ndani ya darasa la tano, Juu na Bondeni, wageni na wenyeji, Walutheri na Waislamu, kuku wawili na mbuzi mmoja aliyezoea. Mvua ikashuka kwa nguvu juu ya bati jipya, kishindo cha kukufanya usisikie hata moyo wako. Na hakuna tone lililopita. Tulisimama tumebanana, tunatazama juu. Nilimwona Bibi Debora amefumba macho anasali, na Mzee Athumani karibu naye ameinua viganja. Kisha mtu akaanza kuimba, na wimbo ukashindana na mvua, na nakuambia mimi, wimbo ulishinda.

Afisa elimu alikuja wiki chache baadaye. Aligonga ukuta kwa ngumi. Akatazama paa. Akauliza nani aliyejenga, na Mwalimu Hiza akamwambia, "Barua za watoto." Nadhani hakuelewa. Lakini alifungua mkoba wake akasema, "Andikeni majina ya darasa la tano." La kwanza kuandikwa lilikuwa langu, maana nilikuwa nimesimama mlangoni tangu asubuhi.

Nilisoma mle. Madarasa yakaongezwa, nikaenda mpaka la saba, nikashinda mtihani, nikapanda lori kwenda sekondari, wa kwanza kati ya wasichana wa kijiji chetu, na Bibi akiwa hai kuniona nikipanda. Nyuma yangu walikuja wengine, kila mwaka wengine, mpaka watu wakaacha kuhesabu. Tunu alimaliza shule yake, akawa mganga wa hospitali huko kwao kusini. Tuliandikiana miaka yote. Ndiye aliyenishonea gauni la harusi, akaja nalo mwenyewe kutoka Lindi, na alipofika Mlola alikuwa anatetemeka vile vile.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana maji yamechemka na nitakuacha ukapumzike. Nyinyi wa leo maneno yenu yanaruka hewani. Mnaandikiana kwenye simu, karibu kwetu, tuko pamoja, nitakuja, nitakusaidia, na kabla mtu hajasoma mmeshasahau. Sikulaumu. Ni rahisi kuandika. Lakini upande wa pili yupo mtu, na hujui ameamka vipi siku hiyo. Neno lako dogo laweza kuwa ndilo analoshikilia. Basi usiandike neno ambalo nyumba yako haiwezi kulifungulia mlango. Na ukishaliandika, likikujia mlangoni na majembe, usiseme ilikuwa barua tu. Funga kanga kiunoni, teka maji. Waliosema ahadi ni deni hawakukosea, lakini Bibi yangu alinifundisha kwamba ahadi ikitimizwa ni baraka. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone, nimeyaona maneno yao kwa macho yangu yakitimia.

Na ukiona wakubwa wanagombana kuta kwanza mbao kwanza, usichague upande upesi. Uliza kwa adabu mafundi wako wapi. Uliza tu, halafu uwe tayari kubeba tofali.

Mungu wa milima hii na wa pwani zote akupe mkono usioandika uongo. Akupe mlango mpana na sufuria isiyokauka. Akukutanishe na watu watakaoliamini neno lako, na akujalie nguvu za kulisimamisha mpaka paa lake liwe juu. Uende kwa amani, mwanangu, na safari zako zote ziwe na mtu anayekungoja. Amina.